Mjane Asiyechoka Kubisha Hodi



Kila familia iliyofiwa kwa mkono wa mtu huambiwa neno moja na majirani wanaokuja matangani: tumwachie Mungu. Ni neno la imani, nasi wenyewe tumelisema mara nyingi kwa moyo mweupe. Lakini tumeona pia jinsi linavyotumiwa kufunga midomo. Marehemu akishazikwa na wageni wakisharudi kwao, yule anayeendelea kuuliza ni nani aliyemwua ndugu yake huanza kuonekana kama mtu wa matata, mkristu asiyejua kusamehe. Katika karatasi za polisi huandikwa kwamba wauaji ni watu wenye silaha wasiojulikana, na kwa maneno hayo kazi yote imekwisha. Sisi tunaokaa mashariki mwa nchi hii tumeyasikia maneno hayo hata tumeyazoea kama sala.

Leo tunataka kuyapinga mazoea hayo. Kumwachia Mungu hukumu ya mwisho ni wajibu wetu. Kumwachia Mungu kazi ambayo Yeye mwenyewe ametupa sisi tuifanye, hiyo si imani, ni uvivu uliovaa kanzu ya imani. Ili tuelewane, tukumbuke habari ya wajane wawili wa nchi yetu.

Tarehe 1 Juni 2010, mjini Kinshasa, Floribert Chebeya, kiongozi wa shirika la Voix des Sans-Voix, yaani Sauti ya Wasio na Sauti, aliitwa kwenye ofisi kuu ya ukaguzi wa polisi. Alikwenda pamoja na dereva wake, Fidèle Bazana, aliyekuwa pia mwanachama wa shirika hilo. Hawakurudi. Kesho yake Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari lake, pembeni mwa mji. Bazana hakuonekana kabisa. Mwezi uleule taifa lilikuwa likijiandaa kusherehekea miaka 50 ya uhuru wake.

Tuangalie vizuri jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Ndani ya gari lile viliwekwa vitu vya aibu, ili watu waamini kwamba Chebeya amefia katika uasherati. Basi walimwua mara mbili: kwanza uhai wake, halafu jina lake. Mkewe na watoto wake walikuwa na huzuni ya kumlilia, na juu ya huzuni hiyo wakatupiwa aibu ambayo ingewafanya wanyamaze. Ndiyo njia ya waongo tangu zamani: kumfanya aliyeonewa aone haya kudai haki yake.

Annie Chebeya na Marie-José Bazana hawakunyamaza. Katika Juni 2011 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari polisi watano: wanne adhabu ya kifo, mmoja kifungo cha maisha. Lakini watatu kati ya wale wanne walikuwa wamekimbia, na hukumu ilisomwa mbele ya viti vitupu. Mwaka 2015, katika rufaa, adhabu ya kanali aliyekuwa ameshikwa ilipunguzwa kuwa miaka 15. Wajane na watoto wao walikuwa wamekwisha kwenda uhamishoni. Hata huko hawakulala. Mwaka 2014 mashtaka yalifunguliwa nchini Senegal, kwa sababu mmoja wa wale waliokimbia alikuwa huko, na sheria ya nchi ile inaruhusu kumhukumu mtu kwa kosa la mateso hata kama lilitendeka mbali na mipaka yake. Fikirini, vijana: mwanamke wa Kongo aliyepoteza mume Kinshasa anabisha hodi Dakar, kwa kuwa nyumbani mlango haufunguki.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa wajane hawa haikuwa fupi. Ni katika mwaka 2021 tu ndipo askari polisi wawili walipokiri redioni kwamba walishiriki, wakaeleza kwamba watu wale wawili walizibwa pumzi kwa mifuko ya plastiki katika ofisi ileile walikoitwa. Kesi ikafunguliwa upya mwaka huo. Tarehe 11 Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu afisa mmoja adhabu ya kifo, mwingine miaka 12 gerezani, na wa tatu akaachiliwa. Miaka karibu kumi na miwili ilikuwa imepita. Mkuu wa polisi wa wakati ule, ambaye familia zilikuwa zimemtaja tangu mwanzo, hakusimama kama mshtakiwa katika kesi ile ya kwanza wala katika ile ya pili. Sisi si mahakama, hatumhukumu mtu ambaye hajasikilizwa. Tunasema tu kwamba familia zina haki ya kuona kila aliyetajwa akisikilizwa, mkubwa kwa mdogo. Na mwili wa Fidèle Bazana familia yake haikurudishiwa hata baada ya hukumu zote hizo. Mtoto wa Bazana aliyekuwa mdogo mwaka 2010 amekuwa mtu mzima pasipo kaburi la kuwekea maua Siku ya Marehemu Wote.

Sasa turudi kwenye Injili. Katika sura ya 18 ya Mtakatifu Luka, Yezu anatupa mfano wa mjane aliyekwenda na kurudi kwa mwamuzi asiyemcha Mungu wala kujali watu, akidai haki yake mbele ya mshindani wake. Tumezoea kuhubiriwa kwamba mfano huo ni juu ya kusali bila kuchoka, na ni kweli, maana Luka mwenyewe anasema hivyo. Lakini tusipite haraka. Ili kutufundisha sala, Bwana wetu hakuchukua mfano wa mtu aliyepiga magoti chumbani. Alichukua mfano wa mwanamke aliye barabarani, mwenye vumbi miguuni, anayekwenda mahakamani. Kwa Yezu, mwanamke yule ni picha ya imani. Basi ni kwa haki gani sisi tutamwita mjane wa parokia yetu mtu wa matata?

Wengine watatuuliza: na msamaha je? Ni swali zuri, wala halijibiwi kwa haraka. Tunaamini kwamba mkristu ameitwa kusamehe hata yule aliyemtendea mabaya makubwa kupita yote. Lakini msamaha hutolewa na aliyeonewa, hautolewi na jirani kwa niaba yake, wala na Serikali iliyochoka na kesi. Tena msamaha unahitaji kujua unasamehe nini. Kaini alipomwua ndugu yake, Mungu hakuanza kwa kusema yamekwisha. Alianza kwa kuuliza yuko wapi Abeli. Swali hilo la Mungu ndilo swali la familia ya Bazana: yuko wapi? Maria Magdalena asubuhi ya Pasaka aliuliza vilevile, akitafuta mwili wa Bwana wake. Na Rispa, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, alikaa juu ya mwamba akilinda maiti za wanawe, mchana zisiguswe na ndege na usiku zisiguswe na wanyama, mpaka habari zake zikamfikia mfalme Daudi, naye akaamuru mifupa izikwe kwa heshima. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Anayeficha maiti anawanyima wengine hata tendo hilo.

Kuna jambo la pili ambalo vijana wa vikundi vyetu wanapaswa kulisikia, hata kama linauma. Mahali ambapo mahakama hazifanyi kazi, watu huanza kujifanyia hukumu wenyewe. Mmeona wenyewe: kelele usiku, kijana anatuhumiwa wizi au uchawi, umati unakusanyika, matairi yanaletwa, mafuta yanamwagwa. Na walio mbele katika umati huo mara nyingi ni vijana, na siku ya Mungu baadhi yao wako katika kwaya. Wanasema haki haipo, tuifanye sisi. Tunawajibu kwa kuwaonyesha wajane hawa wawili. Nani alikuwa na sababu ya kulipiza kisasi kuliko wao? Walichagua wakili, shahidi na mahakama, wakavumilia ucheleweshaji ambao ungemkatisha tamaa mtu yeyote. Anayemchoma mtu barabarani anafanya kazi ileile ya wale waliomziba pumzi Chebeya: anamhukumu mtu mahali ambapo hawezi kujitetea.

Kwa sababu hiyohiyo hatufurahii adhabu ya kifo, hata inapotolewa kwa muuaji. Mwaka 2018 Papa Fransisko alirekebisha Katekisimu ili ifundishe wazi kwamba adhabu hiyo haikubaliki, kwa kuwa inashambulia heshima ya mtu. Nchi yetu, baada ya kuacha kuitekeleza kwa zaidi ya miaka 20, iliondoa zuio hilo Machi 2024. Hapo ndipo imani yetu inapojaribiwa. Tena tuone jambo la kawaida kabisa: mtu aliyeuawa hawezi tena kusema aliyemtuma ni nani, wala kuonyesha mahali alipoficha maiti. Familia zinahitaji ukweli. Kaburi jipya haliwapi ukweli.

Je, kikundi cha vijana wa parokia kinaweza kufanya nini? Hatuwaombi muwe majaji. Tunawaomba mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wenu. Kwanza, tembeleeni familia zilizofiwa kwa namna hiyo hata baada ya matanga, mwaka wa pili na wa tatu, wakati ambapo hakuna mwingine anayekwenda. Pili, yatajeni majina ya marehemu wao katika sala za waamini. Jina linalotajwa altareni si jina la mtu asiyejulikana. Tatu, andikeni: tarehe, mahali, waliokuwapo, waliyoyasema. Kumbukumbu ya watu huchoka, daftari halichoki. Nne, mkiwa siku moja polisi, waandishi wa mahakama au mawakili, kumbukeni kwamba faili mtakayoificha kwa ajili ya dola kadhaa ni mlango wa mjane fulani.

Bukavu bado inamlilia Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Goma ina mwenyeheri wake, Floribert Bwana Chui, kijana mlei aliyekataa rushwa akauawa Julai 2007, na ambaye Kanisa limemtangaza mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025. Kanisa huwakumbuka waliouawa, na linawakumbuka kwa majina. Sisi nasi tufanye hivyo. Yezu alimaliza mfano wa mjane kwa kuuliza kama Mwana wa Mtu atakapokuja ataikuta imani duniani. Akija kwetu, na amkute mjane mlangoni pa mwamuzi, nasi tumesimama nyuma yake.