Neno la Mhariri: Swali la Yudhishthira

Katika Shanti Parva, kitabu cha 12 cha utenzi wa Kihindi Mahabharata, vita vimekwisha na jamaa wamemalizana. Mfalme Yudhishthira anawageukia ndugu zake wanne na Vidura, baba yao mdogo, na kuwauliza jambo ambalo ungedhani wahenga walikwisha kulikata: kati ya dharma, artha na kama, lililo kubwa ni lipi? (Kama hii si kiunganishi chetu, ni matamanio na raha. Artha ni mali na maslahi, pamoja na utawala. Dharma ni wajibu, haki na mwenendo upasao, na kuifasiri "dini" ni kuipunja.) Vidura anashika dharma. Arjuna anashika artha, kwani asiye na kitu hafanyi kitu. Nakula na Sahadeva wanataka mali iliyochumwa kwa dharma. Bhima anaitetea kama kwa hoja ngumu kuiangusha: asiyetamani hatafuti mali wala hatendi wema, na hata mtawa alaye mizizi msituni kuna anachokitamani. Yudhishthira anawasikiliza wote, kisha anachagua lisilokuwamo katika swali lake, yaani moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa.

Nimeanza na baraza hilo kwa sababu purushartha, malengo ya maisha ya mwanadamu, hufundishwa mara nyingi mithili ya ngazi: raha chini, moksha kileleni. Vitabu vyenyewe havisemi hivyo kwa kauli moja. Kautilya, katika Arthashastra, kitabu chake cha utawala, anaiweka artha mbele kwa kuwa mengine mawili yanaitegemea, lakini hapo hapo hataki mfalme aishi bila furaha. Vatsyayana, mwandishi wa Kamasutra, ambaye wengi hudhani aliandika juu ya kitanda tu, anakiri kwamba dharma ni nzito kuliko artha, na artha kuliko kama. Kisha anatoa udhuru kwa mfalme na kahaba, ambao kwao artha hutangulia. Huo ni mvutano wa kukusudia: kila lengo lina mamlaka ya kuyahoji mengine, na uzito wake hutegemea ni nani anayeulizwa na yuko katika umri gani.

Atasema mtu kwamba moksha huufuta mvutano huo, maana anayeuacha ulimwengu hana tena haja ya mali wala mke. Lakini Manu, katika sura ya 6 ya kitabu chake cha sheria, anataka mtu alipe kwanza madeni matatu, kwa wahenga, kwa mababu na kwa miungu. Anayeikimbilia moksha bila kulipa huzama. Jabala Upanishad, andiko jingine la Kihindu, inapinga: siku ile ile moyo unapokinai, ondoka. Hata mlango wa kutokea, basi, una wagombanao.

Pingamizi zito zaidi ni la matabaka. Dharma ya Manu hugawiwa kwa kuzaliwa, na Mshudra, mtu wa tabaka la chini, anakatazwa kulimbikiza mali hata akiweza. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad nchini India, B. R. Ambedkar, mpigania haki za waliobaguliwa kwa tabaka, na wenzake walikichoma kitabu hicho hadharani. Sioni njia ya kukitetea, wala siitafuti. Ila hoja yao naiona ikiunga mkono usomaji wangu: dharma isiyohojiwa na artha wala kama hugeuka pingu, na anayeivaa si yule aliyeiandika. Ajabu ni kwamba sura ya 4 ya kitabu kile kile inaagiza kuacha mali na matamanio yanayopingana na dharma, kisha inaongeza kwamba hata dharma yenyewe iachwe ikiwa itazaa taabu na kulaaniwa na watu. Waliokilaani kitabu hicho huko Mahad walikuwa watu. Ambedkar hakungoja wafasiri waifikie aya hiyo. Mwaka 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na maelfu kwa maelfu.