Komredi, bosi anajua Septemba utarudi chuo. Hesabu siku zako pia

Kuanzia Mei hadi Agosti, vyuo vingi vinapofunga kwa likizo ndefu, mitaa hujaa makomredi wanaosaka kibarua. Pesa za HELB ziliisha kitambo, bando inakata kila jioni, na nyumbani hakuna anayetaka kusikia kuwa bado 'unatuma maombi'.

Kwa hivyo ukiitwa mahali, unaenda mbio. Hapo ndipo wengi huumizwa, na si kwa sababu ni wajinga. Bosi anajua kitu kimoja kukuhusu: Septemba utarudi chuo, na hutakuwa na muda wa kumfuata.

Tuanze na soko lenyewe. Ripoti za serikali kuhusu uchumi huonyesha kuwa zaidi ya kazi 8 kati ya 10 nchini, ukiondoa ukulima mdogo, ziko katika jua kali. Kazi za aina hiyo hazitangazwi gazetini. Zinapatikana kwa kuulizia: duka la M-Pesa la rafiki ya mamako, promosheni ya sabuni kwenye supamaketi, mjengo, saiba, kubeba marobota ya mitumba Gikomba. Ile nafasi ya mafunzo kazini ya Tume ya Utumishi wa Umma nayo ni ya waliokwisha kufuzu. Kama uko mwaka wa 2, hiyo sahau kwanza.

Basi kazi utakayopata huenda isiwe na barua. Sawa. Lakini kukosa barua si kukosa haki.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Ukifanya kazi mfululizo hadi siku zako zifike mwezi 1, sheria inakuhesabu kama mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Ukifikisha miezi 2, unastahili masharti ambayo ungepata kama hungeanza kwa kibarua. Sasa fanya hesabu: likizo yako ni ya miezi mingapi? Umeelewa sasa kwa nini mabosi wengine hukuambia 'pumzika kidogo' kabla ya mwezi kuisha?

Mshahara pia una sakafu. Novemba 2024, kima cha chini kwa mfanyakazi wa kawaida Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa kuwa zaidi kidogo ya Sh16,000 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Ukipewa Sh7,000 na kuambiwa 'wewe ni mwanafunzi tu', jua kuwa sheria haina bei ya mwanafunzi.

Kisha kuna makato. Mimi niliacha chuo karo iliposhinda, na vibarua nimefanya vya kutosha. Kuna duka ambako kila pesa zilipopungua jioni nilikatwa mimi, hata siku tulizokuwa wawili kaunta. Sheria inaruhusu ukatwe upungufu, lakini masharti yake ni makali: mkataba wako uwe umekukabidhi kazi ya kushika pesa, na upungufu uwe umetokana na uzembe au wizi wako. Na makato yote yakijumlishwa hayafai kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Kuhusu wale wa Telegram wanaoitisha Sh500 ya 'usajili' au 'mafunzo' kabla hujaanza, sina mengi. Kazi inakulipa wewe. Ukilipa wewe, hiyo si kazi.

Najua utaniambia: nikianza kutaja sheria siku ya kwanza, nitafukuzwa. Kweli kabisa. Usitaje. Uliza kwa upole mambo matatu: nalipwa ngapi, nalipwa lini, na pesa zikipungua inakuwaje? Jioni mtumie bosi ujumbe: 'Asante kwa nafasi. Nimeelewa ni Sh600 kwa siku, malipo kila Jumamosi.' Usiufute. Weka pia jumbe za M-Pesa za malipo, na uandike kila siku uliyofika kazini.

Huo ujumbe ni silaha. Mzozo ukifika kwa korti na bosi akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi aliopaswa kuandika, ni yeye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini, si wewe.

Na kuhusu Septemba: unaweza kumwona afisa wa leba, na sheria inakupa miaka 3 ya kudai tangu ulipodhulumiwa. Bosi anaamini ukirudi chuo deni lake limekufa. Unaweza kudai mwaka huu, mwaka ujao, hata ukiwa umefuzu.