Tuanze na nyaya na mabomba, rangi ije baadaye



Jengo la afya likipata fedha za ukarabati, kitu cha kwanza tunachokiona ni rangi mpya ukutani. Rangi si mbaya. Lakini kwa maoni yangu, katika majengo ya zamani fedha zianzie kwenye nyaya za umeme, mabomba na pampu. Mgonjwa haponi kwa rangi.

Nyaya za zamani ziliwekwa kwa ajili ya taa na vifaa vichache. Leo nyaya hizo hizo zinabeba jokofu la chanjo, vifaa vya maabara, kompyuta, mashine ya oksijeni, na simu zetu tunazochaji. Waya ukizidiwa hupata joto, na fyuzi hukatika ili kuzuia moto. Anayeweka kipande cha waya mnene badala ya fyuzi amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Fikirini chanjo. Hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto huziharibu, na nyingine, kama ya pepopunda, huharibika zikiganda. Mama aliyetembea kutoka mlimani na mtoto mgongoni hawezi kujua kwamba jokofu lilizimika usiku. Siku hizi yapo majokofu ya sola yasiyotumia betri, ambayo huhifadhi ubaridi kwa barafu. Yanafaa sana mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara.

Maji nayo ni dawa. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo, wagonjwa walihudumiwa Bwera. Kunawa mikono kulihitaji maji ya klorini ya asilimia 0.05, na kusafisha sakafu na vyombo asilimia 0.5. Klorini bila maji haisaidii kitu. Pampu ikifa, kinga nayo imekufa, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji pia, maana tunapanga foleni moja.

Kilembe imetupa funzo jingine. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na hospitali ikabidi ihamishie huduma mjini Kasese. Kwa hiyo katika bonde lenye mafuriko, jenereta, betri na sanduku kuu la swichi visikae chini sakafuni. Na pale mto unapofika mara kwa mara, afadhali kujenga mahali pengine kuliko kukarabati.

Napendekeza haya:

1. Kabla ya ukarabati, fundi umeme na fundi bomba wenye ujuzi wakague jengo lote na kuandika ripoti.
2. Jokofu la chanjo na mashine ya oksijeni viwe na nyaya zake, visichangie soketi na simu.
3. Kila msaada wa sola au pampu uje na fedha za matengenezo. Betri huchakaa baada ya miaka michache.
4. Mtungi wa oksijeni wa akiba uwepo, kwa sababu mashine husimama umeme ukikatika.

Sisi wananchi tuna sehemu yetu. Tusichomoe waya wa jokofu ili kuchaji simu. Tukiona cheche au bomba linalovuja, tumwambie mhudumu siku hiyo hiyo. Wafadhili na viongozi nao, wanapokuja kufungua jengo, wafungue bomba na kuwasha taa kwanza, ndipo wakate utepe.