Mgeni amekuja Mvita, mbona mwenyeji haponi?

WAHENGA walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu utotoni, nami huikumbuka kila nionapo mabasi ya shule yakiteremka kuelekea Mombasa. Wageni wanakuja, tena kwa wingi. Swali ambalo ningependa tulidurusu leo ni hili: je, mwenyeji anapona?

Silizungumzi jambo hili kama mtu aliyesimama kando. Mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu, nimewahi kuwaongoza wanafunzi kutoka bara hadi Fort Jesus. Niliwaandalia karatasi ya maswali kumi. Ngome ilijengwa lini? Kati ya mwaka 1593 na 1596. Nani aliyechora ramani yake? Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewatumikia Wareno. Waomani waliizingira kwa muda gani? Tangu mwaka 1696 hadi 1698. Waingereza waliigeuza nini? Gereza, tangu 1895 hadi 1958. Vijana waliandika upesi, wakapigana picha kando ya mizinga, kisha tukaelekea ufuoni. Tukiwa garini mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, hao wote walikuwa wakipigania mji wa nani?"

Nilikosa la kusema. Katika maswali yangu yote kumi hapakuwa na hata moja lililomtaja mwenyeji wa Mvita.

Kosa hilo halikuwa langu pekee. Tumezoea kuutazama mji huu kwa macho ya wale waliouteka, kana kwamba historia yake ilianza siku Wareno walipotia nanga. Ilhali Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331, zaidi ya miaka 260 kabla ya jiwe la kwanza la ngome kuwekwa, na akawakuta watu wenye dini yao na misikiti yao. Aidha, mwaka 1631, Yusuf bin Hasan, mwana wa mtawala wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliwageukia walezi wake na kuitwaa ngome hiyohiyo. Ni wanafunzi wangapi wanaorejea nyumbani wakilijua jina lake?

Lakini kuna lililo zito zaidi kwetu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Hatua chache kutoka lango la ngome ndipo uanzapo Mji wa Kale, na miongoni mwa barabara zake mashuhuri ni Ndia Kuu. Mgeni kutoka bara aweza kudhani kwamba jina hilo limekosewa na mchora vibao. La hasha! Hiyo ni Kimvita, lahaja isemayo "ndia" pale ambapo Kiswahili sanifu husema "njia". Ndiyo lahaja ya Muyaka bin Haji, malenga aliyeishi katika mji huu enzi za Wamazrui na ambaye jina lake halikosekani katika masomo ya ushairi. Tena ni katika mji huuhuu wa Mombasa ambapo mkutano wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa nje. Mwanafunzi husoma habari hizo darasani, akasafiri kilomita mia kadhaa hadi mahali zilipotokea, kisha akarudi bila ya kusikia sentensi moja ya Kimvita kutoka kinywani mwa mwenyewe. Hiyo ni safari ya elimu ya namna gani?

Tuangalie pia upande wa riziki. Kiingilio tulipacho langoni huenda katika utunzaji wa makavazi, nami sina ugomvi nacho. Hata hivyo, mbele ya ngome kuna watu wanaoishi katika nyumba za mawe na matumbawe, zenye roshani na milango ya nakshi, ambazo matengenezo yake si mzaha. Mgeni huipiga picha milango hiyo bila hata ya hodi, akapanda gari na kwenda kula kwingine. Muuza kahawa chungu, mpishi wa mahamri, fundi seremala na kijana anayevijua vichochoro vyote hubaki wakilitazama vumbi la basi. Mwaka 2001 UNESCO ilipoutia Lamu katika orodha ya turathi za dunia, ilichoorodhesha ni mji wenyewe. Mombasa, mwaka 2011, iliyoorodheshwa ni ngome. Nasi wageni tumeifuata mipaka hiyo kwa miguu yetu.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba muda wa ziara ni mfupi na fedha za wazazi ni haba. Wengine, hasa wenyeji, wataniambia kwamba mtaa wao si makumbusho, na kwamba hawahitaji vikosi vya vijana vya kuwachungulia uani. Hoja ya pili ina uzito, nami naikubali. Ndiyo maana sipendekezi wageni zaidi. Napendekeza ugeni wenye adabu: kundi dogo, kiongozi mzaliwa wa mtaa, malipo yake yakajulikana mapema, na picha ya mtu isipigwe ila kwa idhini yake. Ama kuhusu muda, saa moja ikitolewa katika zile za ufuoni, bahari haitakauka.

Mambo haya yana uzito zaidi leo kuliko zamani. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, Mombasa imekaribia bara. Mwaka 2020, janga la korona lilipowazuia wageni wa ng'ambo, tulitambua kwamba Mkenya naye ni mtalii. Basi tusiwe watalii wa kuutazama mji wetu kama Wareno walivyoutazama kutoka baharini, wakiuona mahali pa kuteka na kuondoka.

Ile karatasi ya maswali ningali nayo. Juzi niliichukua kalamu, nikafuta maswali matano na kuandika mengine. La kwanza ni lile nililoulizwa garini: walipigania mji wa nani? Jibu lake haliko katika kibao chochote cha ngome nilichopata kukisoma. Mwanafunzi itambidi avuke barabara, apige hodi, aamkie, kisha aketi asikilize. Hapo ndipo mwenyeji atakapoanza kupona, na mgeni naye hatarudi mikono mitupu.