Mama Aitwe Kabla Dalali Hajalipwa

Huku kwetu Korogwe na Handeni, familia ya mtumishi aliyepata uhamisho huhama kwa mtindo ule ule. Baba hutangulia. Anaripoti kazini, anatafutiwa dalali, anazungushwa nyumba mbili tatu jioni akishatoka ofisini, anachagua moja na kulipa kodi ya miezi sita. Wiki chache baadaye mama anashuka kwenye lori la vyombo na mtoto mgongoni, na hapo ndipo anapouliza maji ya mtaa huo yanachotwa wapi. Mtindo huu ukome. Anayemlea mtoto ndiye achague mtaa, au walau aukubali kabla hela haijatoka mfukoni.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Nilianzia Korogwe, sasa niko Handeni, na wanangu nimewalea katika miji yote miwili. Mama mgeni akikaa mbele yangu na mtoto anayeharisha, kabla sijafungua kadi namuuliza anakaa wapi na maji anapata kwa nani. Mara nyingi majibu hayo mawili yananieleza ugonjwa vizuri kuliko kipimo.

Jioni ndiyo saa mbaya ya kukagua nyumba. Saa kumi na mbili jioni madumu yameshajaa, watoto wamesharudi shule, na upepo wa Handeni unapendeza. Foleni ya maji ya alfajiri huioni. Huoni mtoto wa darasa la awali akivuka barabara peke yake saa moja asubuhi, wala choo kimoja wanachogombea wapangaji wote wa nyumba hiyo kabla ya kwenda kazini. Baba anaona geti, marumaru na umeme wa luku ya peke yake. Mama angeuliza kama paa lina mifereji, simtanki ni ya lita ngapi, na jirani anayeweza kubaki na mtoto ni nani.

Kwa Handeni suala la maji si dogo. Tangu miaka ya 1970 mji huu umetegemea maji ya Mto Pangani yanayosukumwa kutoka upande wa Korogwe kwa mradi tunaouita HTM. Bomba limechoka, watu wameongezeka. Juni 2022 serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa Miji 28 kwa mkopo kutoka India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zote zimo. Ni habari njema na ninaingojea kama kila mama wa hapa. Lakini mtoto wa miezi minane anaoga leo, nepi zake zinafuliwa leo. Kwa hiyo, uwe unatafuta Chanika, Kideleko au Vibaoni, nyumba ya bati la kawaida yenye mifereji na simtanki kubwa ina thamani kuliko ile ya marumaru ambayo kila tone linanunuliwa kwa dumu la lita 20 kwenye baiskeli ya muuza maji. Mama anayeamka saa kumi usiku kufuata maji anamwacha nani na mtoto? Dada wa miaka tisa. Nawaona kliniki, wamembeba mdogo wao na sare ya shule mwilini.

Korogwe ina mambo yake. Mto uko jirani, hospitali ya Magunga iko pale pale mjini, usafiri haukatiki. Lakini barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita mjini, na mabasi hayamngoji mtoto amalize kuvuka. Aliyepata nyumba upande mmoja na shule upande wa pili amejitwisha kazi ya kumshika mtoto mkono kila siku, asubuhi na mchana. Halafu joto na mbu. Malaria imepungua sana kuliko ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto wa Korogwe walishiriki, kupitia kituo cha utafiti cha NIMR, katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Sisi wauguzi tunajivunia hilo. Hata hivyo nyumba iliyo bondeni penye maji yaliyotuama, madirisha hayana wavu, siwezi kumshauri mtu aingize mtoto mchanga humo kwa sababu tu kodi ni nafuu.

Wapo wanaogawana: baba akae Handeni, mama na watoto wabaki Korogwe, kwani ni kilomita 65 tu za lami. Mvua za Oktoba 2019 zilipokata barabara hiyo, tuliona umbali huo ulivyo mrefu mtoto akiugua usiku na baba yuko ng'ambo. Nikiulizwa mimi, mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili namwambia Korogwe, kwa sababu ya maji. Watoto wakishaanza shule namwambia Handeni, kwa sababu mitaa mingi haijabanwa na magari na mtoto anakwenda shule kwa miguu. Lakini hayo ni maoni yangu, mama mwenye watoto wake anaweza kuona vingine, na yeye ndiye wa kusikilizwa.

Kosa hili la kutomuuliza mama si la akina baba peke yao. Tangu Juni 2022 familia, nyingi za Kimaasai, kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali imejenga nyumba za vyumba vitatu, kila moja kwenye kiwanja cha ekari 2.5, pamoja na shamba la ekari 5, na inasema waliohama wamehama kwa hiari. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2024, ilipinga maelezo hayo. Mimi nina swali la kliniki: akina mama waliketishwa lini kuulizwa? Katika boma la Kimaasai kila mke ana nyumba yake, anaijenga kwa mikono yake, na wanawe wanalala kwake. Mume wa wake watatu akikabidhiwa nyumba moja ya vyumba vitatu, aliyechora ramani hakuzungumza na hao watatu. Nyumba ya tofali ni kitu kizuri, maji na shule pia. Kuulizwa kulipaswa kutangulia vyote.

Naziomba halmashauri za miji yetu miwili, Korogwe na Handeni, zimpe mtumishi anayehamia, hasa mwalimu au muuguzi wa kike mwenye mtoto anayenyonya, siku za kutosha za kutafuta nyumba mchana, si jioni. Watendaji wa mitaa wabandike ofisini kwao siku ambazo maji hutoka na umbali wa shule yenye darasa la awali. Karatasi moja ukutani inatosha.

Na wewe baba uliyepata barua ya uhamisho wiki hii, usimlipe dalali bado. Mpandishe mama watoto basi, afike asubuhi, aupite mtaa kwa miguu kutoka mlangoni hadi bombani na kutoka mlangoni hadi shuleni. Akisema hapana, tafuteni nyumba nyingine.