Njia Mpya, Kinga na Mazuku

Vijana wa Himbi wanapenda kupanda kinga na kutafuta njia mpya juu ya mawe ya volkano, hata kufika upande wa Lac Vert na Sake. Ni vizuri, mwili unapata nguvu. Lakini mutu asiende peke yake.

Kule kuna mazuku: ni gazi kaboniki inayotoka chini ya udongo. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mu mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo umetulia. Ninyi wa mashimo ya madini munajua namna hewa mubaya inakaa chini. Basi, mwenye kinga akiinama mu bonde kutengeneza mupira, kichwa chake kinaingia mulemule.

Uliza kwanza wenyeji wa pale. Nyumbani, sema unapita njia gani na utarudi saa ngapi. Ukiona mbuzi ao ndege amekufa mu bonde, rudia. Na mwenzako akianguka mule, usishuke mbio kumubeba, utalala kando yake. Baki juu, ita watu.