"Feeder road": nani anamlisha nani?

Chuo kimechangamka, UE inanukia, vimbweta vimejaa mpaka vile vya juani, na mimi badala ya kusoma nimekaa nagombana na neno moja la Kiingereza. Neno lenyewe ni "feeder road". Leo namwaga yote, atakayenuna na anune.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maana, maana humu ndani watu wanayachanganya haya maneno kama viungo vya pilau. "Side road" ni barabara yoyote inayochomoka ubavuni mwa nyingine iliyo kubwa kuliko yenyewe. Basi. Inaweza hata kuwa na lami ya kung'aa. "Service road" ni ile inayokwenda sambamba na barabara kuu, ili magari yaingie madukani na majumbani bila kuwakwaza wanaopita kwa kasi. Dar watu wanasema sevisi rodi na hakuna anayeuliza tafsiri. "Byway" ni neno la kizee kidogo, njia ya kando isiyopitwa na wengi, ingawa kule Uingereza bado limo kwenye sheria za njia za mashambani.

"Feeder road" ni kitu kingine kabisa. Linatoka kwenye kulisha. Ni barabara ndogo inayoilisha kubwa magari, abiria na mizigo. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu ukimwambia mwanafunzi "feeder road ni barabara ya vumbi", umempoteza. Vumbi ni hali ya barabara. "Feeder" ni kazi iliyopewa.

Na ugomvi wangu uko hapo hapo kwenye kazi. Hivi jamani, barabara ya kijijini inamlisha nani? Ukilifuata neno, inalisha barabara kuu. Yaani kijiji kipo ili kitoe: mahindi yatoke, pamba itoke, mkaa utoke, vijana watoke. Kinachoingia hakimo kwenye neno. Mwalimu anayeripoti kazini na begi lake kichwani hayumo. Chanjo hazimo. Vitabu havimo. Mama mjamzito anayebebwa kwenye bodaboda usiku wa masika naye hayumo, kwa sababu yeye halishi chochote, anataka tu kufika akiwa hai.

Mnaona natia chumvi? Haya turudi nyuma. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati Kigoma mwaka 1914. Waingereza walipoichukua Tanganyika, hesabu yao ilikuwa barabara zilishe reli, zisishindane nayo. Reli nayo ilikuwa na kazi yake, kupeleka mazao bandarini. Walter Rodney, ambaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliliandika hili katika kitabu chake cha 1972: barabara na reli za mkoloni zilielekea baharini ili kutoa mali, hazikujengwa ili Waafrika watembeleane. Katika mpango wa namna hiyo neno "feeder" lilikuwa kweli tupu. Aliyelitumia alikuwa anajua anachotaka kula.

Shida ni kwamba mkoloni kaondoka, neno limebaki limekaa kitako. Sheria yetu ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za wilaya katika makundi matatu: "collector", "feeder" na "community". Hebu zisomeni polepole. Ya kwanza inakusanya, ya pili inalisha. Mpaka ufike ya tatu ndipo unakutana na watu!

Tuje kwenye hela. TANROADS inahudumia kama kilomita 36,000. TARURA, iliyoanza kazi 2017, ina mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000. Lakini kwa miaka mingi Mfuko wa Barabara uligawanywa asilimia 70 kwa barabara za kitaifa na 30 kwa za wilaya, mpaka wabunge wakawa wanalalamika kila bajeti. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA, na hilo nalipongeza. Sisemi neno ndilo lililogawa hela. Najua barabara kuu zinabeba malori mazito na lami yake ni ghali. Ninachosema ni kwamba neno linatufanya tusishangae. Mlishaji siku zote anakula mwisho, na makombo.

Kuna jamaa atasema: "We acha hizo, ni istilahi ya wahandisi tu." Sawa, kwenye mabasi ya mwendokasi nakubali kabisa. Basi mlisho linakuchukua mtaani linakupeleka kituo kikuu, jioni linakurudisha. Pale abiria ndiye bosi. Kijiji sio kituo cha mabasi. Watu wanazaliwa pale, wanasoma pale na kuzikwa pale.

Mwingine atasema Kiswahili nacho kina dharau. Kweli, sikatai. Njia ndogo tumeiita njia ya panya na kuipa kazi ya magendo. Mchepuko maskini, uliokuwa njia tu ya kupitia barabara kuu ikiwa inatengenezwa, leo ni jina la hawara. Lakini hizo ni lugha za vijiweni, hakuna anayepangia bajeti ya michepuko (hadharani, hehehe).

Kwa nini nalivalia njuga leo? Kwa sababu tangu 2021 Kiswahili ndio lugha ya sheria zetu, na kazi ya kutafsiri haijaisha. Nimeshaona "barabara za mlisho" na "barabara za mjazio". Huko ni kulivisha kanga neno la mkoloni. Mbona tuna maneno rahisi? Barabara ya kata. Barabara ya kijiji. Hata jina la TARURA lenyewe limeweza: Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Ukisema barabara ya kijiji, mwenyewe anajulikana, na ikikatika na mvua unajua nani kakatikiwa.

Wenzangu wa Education, sisi ndio tutakaopangiwa shule za huko ambako basi linakushusha njia panda na kukuacha. "Feeder road" litakuwa kwenye vitabu vya Kiingereza, tufundisheni maana yake yote, na tusiishie hapo. Tuwaulize watoto: barabara inayopita mbele ya shule yenu inamlisha nani, na nyie inawaletea nini? Hilo swali sitegemei walijibu kwa neno moja.

Nawasilisha. Mnaobisha njooni kimbwetani, leteni na karanga.